Cairo ya Illinois: Mji ulioanzia kwenye ramani

Ukiitandaza ramani ya Marekani mezani na kutafuta pale ambapo jiji lingestahili kujengwa, kidole kitashuka chenyewe hadi ncha ya kusini ya jimbo la Illinois. Hapo Mto Ohio, uliotoka Pittsburgh umbali wa kilometa 1,579, unaingia Mississippi. Ng'ambo ya mashariki ni Kentucky, ya magharibi ni Missouri, na katikati umebaki ulimi wa ardhi ya tope ulioachwa na mafuriko ya karne na karne. Juu ya ulimi huo upo mji wa Cairo, jina ambalo wenyeji hulitamka Kero, makao makuu ya Kaunti ya Alexander. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta humo watu 1,733.

Idadi hiyo ndiyo inayohitaji maelezo. Mapadri, maofisa wa jeshi, wenye mabenki na wajenzi wa reli walisimama hapa, au walipaangalia kwenye karatasi wakiwa mbali, na wote wakatabiri makuu. Padri Mjesuiti Pierre de Charlevoix alipita mwaka 1721 akaona pangefaa ngome na makazi. Novemba 1803 Meriwether Lewis na William Clark walitia nanga hapa siku kadhaa, wakijizoeza kupima latitudo na longitudo kabla ya safari yao ndefu ya kwenda Pasifiki. Kisha wakaendelea na safari, kama karibu kila mtu aliyewahi kupita Cairo.

Ardhi yenyewe ndiyo ya chini kuliko yote katika Illinois. Kwenye makutano ni kama meta 85 tu juu ya usawa wa bahari. Iko kusini zaidi kuliko Richmond, Virginia, uliokuwa mji mkuu wa majimbo yaliyoasi kwa ajili ya utumwa, ingawa Illinois ni jimbo la Kaskazini. Kaskazini kidogo ya mji kuna vinamasi vya Mto Cache vyenye miti ya misipresi iliyosimama majini, mandhari ambayo mtu angetarajia kuyaona Louisiana. Na kuna jambo linalowashangaza wageni: wanaidhani Ohio ni tawi tu la Mississippi, kumbe kwa wingi wa maji mambo ni kinyume. Kwa wastani Ohio huleta hapa karibu meta za ujazo 8,000 kila sekunde, ilhali Mississippi ya juu haifikishi 6,000. Mito yote miwili ikijaa kwa pamoja, basi Cairo iko katikati ya maji ya sehemu kubwa ya Marekani.

Miji iliyofanikiwa kwenye mito hiyo iliogopa makutano. St. Louis ilijengwa juu ya mwamba wa chokaa, umbali wa kutosha kusini ya pale Mto Missouri unapoingia Mississippi. Memphis ilipanda juu ya kingo ndefu za Chickasaw. Waanzilishi wake waliutaka mto uwe jirani, si sebuleni.

Waanzilishi wa Cairo walikuwa watu wa aina nyingine. Mfanyabiashara wa Baltimore, John G. Comegys, na wenzake walijipatia ekari 1,800 kwenye makutano, na Januari 1818 wakapewa na bunge la Teritori ya Illinois, ambayo ilikuwa bado haijawa jimbo, hati ya kuanzisha vitu viwili kwa mpigo: Mji wa Cairo na Benki ya Cairo. Sehemu ya bei ya kila kiwanja ingekuwa mtaji wa benki, na sehemu nyingine ingejenga matuta ya kuzuia maji. Yaani mji ulipe gharama za kuzaliwa kwake kabla haujazaliwa. Jina walilichukua Misri, kwa kuona kwamba ardhi hii ya rutuba inayofurika inafanana na bonde la Nile. Comegys alifariki muda mfupi baadaye, malipo ya ardhi hayakukamilishwa, na mpango ukafa naye. Benki ilipokuja kufanya kazi, ilifanyia kazi Kaskaskia, mbali kaskazini. Cairo hapakuwa na mtu wa kufungua akaunti.

Jina lakini lilishika, likazaa na mengine. Kusini yote ya Illinois huitwa hadi leo Misri Ndogo, na kaskazini ya Cairo kuna vijiji vya Thebes na Karnak. Wenyeji wana masimulizi wanayoyapenda zaidi kuhusu asili yake: majira ya baridi ya 1830 hadi 1831 theluji ilikuwa ya kutisha, mazao ya kaskazini yakaharibika, na wakulima wakashuka kusini na magari yao ya farasi kununua mahindi, kama wana wa Yakobo walivyoshuka Misri kutafuta chakula katika kisa cha Nabii Yusuf. Ni masimulizi mazuri. Hata hivyo Cairo ilikwisha kupewa jina lake miaka 12 kabla ya theluji hiyo.

Wakati wenye mitaji wakichora viwanja, shughuli za serikali zilikuwa zikitangatanga kwingine. Kaunti ya Marekani, hasa ya mashambani, tusiichanganye na zile zilizoletwa na Katiba ya Kenya ya 2010, zenye gavana na bunge lake. Hii ni mahakama, sherifu na jela yake, kodi ya ardhi, na masjala inayotunza hati za nani anamiliki nini. Mji unaopewa mambo hayo hupata mawakili, gazeti, nyumba za wageni, na umati wa watu kila kikao cha mahakama. Karne ya 19 miji ilipigana kwa kura, kwa hila na mara nyingine kwa bunduki ili iupate ukuu huo. Kaunti ya Alexander iliundwa mwaka 1819, ikaitwa kwa jina la daktari na mlowezi William M. Alexander, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Illinois. Makao makuu ya kwanza yaliwekwa America, kijiji kwenye ukingo wa Ohio. Mwaka 1833 yakahamishiwa Unity, ndani ya kaunti. Miaka ya 1840, baada ya jengo la mahakama la Unity kuungua na sehemu ya mashariki ya kaunti kukatwa kuunda Kaunti ya Pulaski, yakaenda Thebes, kwenye mwinuko juu ya Mississippi, ambako jengo la mawe la 1848 bado limesimama. Majina hayo, America na Unity, yalibeba matumaini makubwa mno kwa vijiji vyenye nyumba za magogo, na vyote viwili vimebaki kumbukumbu.

Waliokuwa wakiimiliki Cairo hawakujali mahakama ilikuwa wapi. Walikuwa wakitafuta kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1837 Darius B. Holbrook, mtu wa Boston mwenye ulimi wa asali, alipata hati ya Kampuni ya Mji na Mfereji wa Cairo. Mwaka huohuo jimbo la Illinois lilipitisha mpango mkubwa wa miundombinu, ukiwamo mchoro wa reli itakayotoka Cairo hadi Galena, kaskazini kabisa. Kijana mmoja aliyeuunga mkono bungeni aliitwa Abraham Lincoln. Mpango huo ulikuja kulizamisha jimbo katika madeni. Holbrook hakusubiri. Alimpata msanifu majengo maarufu wa Philadelphia, William Strickland, aliyechora mandhari ya jiji litakavyokuwa, lenye kuba, minara na safu za majumba mbele ya meli za mvuke. Hati fungani za kampuni ziliuzwa London kupitia nyumba ya benki ya Wright. Fedha zilikuja kweli. Matuta yalianza kuinuka, karakana ya meli ikajengwa, nyumba zikasimama, na watu zaidi ya elfu moja wakahamia.

Nyumba ya Wright ilifilisika Novemba 1840, na mji ukafuata. Vibarua walifungasha, wakapanda meli za kwanza zilizopita. Wakabaki watu wachache tu, walioishi kwa kuwahudumia wasafiri wa mtoni.

Miezi 17 baadaye, Aprili 1842, meli ya mvuke ilipita hapo ikimchukua Mwingereza wa miaka 30, Charles Dickens. Katika kitabu chake cha safari za Marekani hakuna mahali alipopachukia kama makutano haya. Aliona kinamasi, homa, nyumba zilizoachwa nusu, na mto mchafu usio na jema hata moja. Alijua pia kwamba watu wa nchi yake walikuwa wameuziwa ndoto hiyo. Katika riwaya yake ya Martin Chuzzlewit, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1843 na 1844, kijana wa Kiingereza anaoneshwa ofisini mchoro wa kupendeza wa mji uitwao Eden, ananunua kiwanja, anasafiri, na kukuta vibanda kwenye tope. Wasomaji wengi wa fasihi wanakubaliana kwamba Eden ni Cairo. Lilikuwa tangazo ambalo hakuna mji ungelitamani, na wenyeji wa Cairo walikaa miongo mingi wakimlaani mwandishi huyo. Ukweli ni kwamba hasira yao ilimwangukia asiyehusika. Dickens alieleza alichokiona. Aliyekuwa ameuza asichokuwa nacho ni Holbrook.

Mji halisi ulikuja polepole zaidi na kwa watu wasio na mbwembwe. Ardhi iliangukia mikononi mwa wadhamini wa wadai, na kuanzia 1851 wakala wao, Samuel Staats Taylor, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza, alisimamia matuta na kuuza viwanja. Kilichobadilisha mambo ni reli. Mwaka 1850 Bunge la Marekani, kwa kusukumwa na Seneta Stephen Douglas, lilikubali kutoa ardhi ya umma kugharimia reli ya Illinois Central, karibu ekari milioni 2.6, na hadi 1856 njia hiyo ilikuwa imekamilika, kilometa zaidi ya 1,100, ndefu kuliko reli nyingine yoyote duniani wakati ule. Mwisho wake wa kusini ulikuwa Cairo. Abiria na pamba zilibadilisha chombo hapa, kutoka meli kwenda treni na kutoka treni kwenda meli. Juni 1858 tuta la upande wa Mississippi lilipasuka na mji mchanga ukafunikwa na maji, ukajengwa tena. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 2,188. Mwaka huo Thebes ikanyang'anywa mahakama, na Cairo ikapata jambo ambalo hakuna mwanzilishi wake aliyeliweka kwenye tangazo: kuwa makao makuu ya kaunti.

Hapa nisimame kidogo kwenye hayo matuta, kwa sababu bila kuyaelewa huwezi kuuelewa mji. Cairo imezungushiwa pande zote: udongo ulioinuliwa, na upande wa Ohio ukuta wa zege unaoficha mto kabisa, kiasi kwamba mtu anaweza kutembea mtaa mzima pembeni ya moja ya mito mikubwa duniani asione hata tone. Kaskazini, mahali barabara kuu inapoingilia chini ya reli, kuna lango la chuma lenye uzito wa makumi ya tani linaloweza kushushwa na kuufunga mji. Lakini chini ya tuta kuna mchanga. Mito ikikaa juu kwa muda mrefu, maji hupenya chini kwa chini na kuchomoza ndani, kwenye viwanja na vyumba vya chini ya nyumba, na hapo pampu ndizo zinazosema. Ukuta unaozuia maji ya nje huzuia pia ya ndani yasitoke. Hakuna mchoraji wa mandhari aliyewahi kuchora pampu.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka mwaka 1861, ramani ilisema kweli kwa mara ya kwanza. Anayeishika Cairo anaishika mito yote miwili. Septemba mwaka huo Jenerali Ulysses Grant aliweka makao yake hapa, kwenye ncha pakawa na ngome, na Mound City, karibu tu, zikaundwa meli za kivita zenye deraya. Mojawapo iliitwa Cairo, ikazamishwa na bomu la majini kwenye Mto Yazoo Desemba 1862. Maelfu ya Waafrika waliotoroka utumwa walipanda mto kuja nyuma ya mistari ya jeshi la Kaskazini, wakawekwa kambini Cairo. Wengi walibaki baada ya vita. Mark Twain alipoandika kisa cha Huckleberry Finn, alimfanya Jim, mtumwa mtoro, auote mji huu kama mlango wa uhuru: wafike Cairo, wapande meli, waingie Ohio. Katika kitabu Jim na Huck wanaupita gizani kwenye ukungu bila kujua.

Baada ya vita ndipo penye majumba. Magnolia Manor la tajiri wa unga wa ngano Charles Galigher, na Riverlore la nahodha William Halliday, bado yapo. Jengo la Forodha lililokamilika mwaka 1872 lilichorwa na Alfred Mullett, aliyekuwa msanifu wa serikali kuu. Leo ni makumbusho. Idadi ya watu ilipanda hadi 12,566 mwaka 1900 na 15,203 mwaka 1920. Hakuna sensa iliyozidi hiyo.

Mbegu ya kushuka ilikwisha kupandwa, na ilipandwa kwa shangwe. Oktoba 1889 Illinois Central ilifungua daraja lake juu ya Ohio, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa refu kuliko madaraja yote ya chuma duniani. Kabla yake mabehewa yalivushwa kwa vivuko, na kazi ya kuvusha ilikuwa ajira. Treni sasa ilipita juu bila kusimama. Daraja la magari kwenda Missouri lilifunguliwa 1929, la kwenda Kentucky likafuata miaka ya 1930, na mwaka 1978 barabara kuu ya I-57 ikapewa daraja lake kaskazini ya mji, hata msafiri hana tena haja ya kuiona Cairo.

Wengi huishia hapo: maji na madaraja yaliiua Cairo. Maelezo hayo yanawafaa sana watu fulani, kwa sababu jiografia haiwezi kushitakiwa. Miji mingine ya mtoni nayo ilipoteza vivuko vyake ikabaki na watu. Cairo ilikuwa na jeraha jingine, la ubaguzi wa rangi. Novemba 11, 1909, umati wa maelfu ulimtoa mtu mweusi, William James, mikononi mwa sherifu, ukamuua hadharani chini ya tao la taa katikati ya mji. Usiku uleule ukamtoa jela mtu mweupe aliyetuhumiwa kumuua mkewe, naye akauawa. Mwandishi na mwanaharakati Ida B. Wells alikuja kuchunguza, kisha akasimama mbele ya Gavana Charles Deneen kupinga sherifu huyo kurudishwa kazini. Alishinda. Sheria ya jimbo ya 1905 ilitaka sherifu anayeshindwa kumlinda mfungwa aondoke, na gavana akaisimamia.

Mwaka 1962 vijana, miongoni mwao John Lewis ambaye miaka mingi baadaye alikuwa mbunge mashuhuri, walipiga magoti kuomba mbele ya bwawa la kuogelea la Cairo lililowakataa weusi. Wenye bwawa waliona heri lifungwe, na baadaye likajazwa zege. Julai 1967 askari kijana mweusi aliyekuwa likizo, Robert Hunt, alikutwa amekufa kwenye seli ya polisi. Polisi walisema alijinyonga, watu weusi hawakusadiki, na mji ukawaka moto. Wazungu wenye silaha wakaunda kikundi cha doria. Kuanzia 1969 Mchungaji Charles Koen na umoja wa watu weusi waliongoza mgomo wa kutonunua kwenye maduka yaliyokataa kuwaajiri. Wenye maduka wengi walichagua kufunga na kuhama kuliko kumwajiri karani mweusi. Watu 6,277 walihesabiwa mwaka 1970, pungufu ya nusu ya kilele, na mtaa wa Commercial ukaanza kubomoka jengo kwa jengo. Mto haukuwahi kuufunga mlango wa duka hata moja kwa sababu ya rangi ya mteja.

Maji yalirudi kudai lake mwaka 2011. Baada ya mafuriko ya 1927, serikali kuu ilikuwa imetenga upande wa Missouri bonde la kumwagia maji ya ziada ili kuinusuru Cairo na miji mingine, likatumika mara moja mwaka 1937. Mei 2, 2011, Ohio ilifika futi 61.72 kwenye kipimo cha Cairo, rekodi mpya. Ukuta umejengwa kuhimili 64, na maji yalikuwa tayari yakibubujika na mchanga ndani ya mji. Wakazi waliamriwa kuondoka. Missouri ilifungua kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani kuzuia bonde lisifunguliwe, ikashindwa. Spika wa Baraza la Wawakilishi la Missouri, alipoulizwa afadhali kifurike nini kati ya mashamba na Cairo, aliitaja Cairo, kisha akaomba radhi. Usiku huo Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kililipua tuta la Birds Point. Ekari 130,000 zilifunikwa na kina cha maji Cairo kikaanza kushuka.

Katika bonde hilo kilikuwapo Pinhook, kijiji cha wakulima weusi waliokaa hapo tangu miaka ya 1940 kwa sababu ardhi ya kufurikishwa ndiyo waliyoruhusiwa kununua. Kilifutika. Magazeti yaliyoandika kwamba walioumia ni wakulima matajiri wa kizungu na waliookolewa ni maskini weusi wa Cairo hayakufika Pinhook.

Leo zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa Cairo ni weusi. Sensa ya 2020 iliikuta kaunti nzima na watu 5,240, ikiwa imepoteza zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi, upungufu mkubwa kwa asilimia kuliko kaunti yoyote nchini. Mwaka 2017 serikali kuu ilitangaza kuwa majengo mawili ya nyumba za umma, Elmwood na McBride, hayafai kukaliwa baada ya kuachwa yaoze kwa miaka. Watu wapatao 400 walitakiwa kuhama, na kwa kuwa mjini hapakuwa na nyumba za kutosha za kupanga, wengi walivuka madaraja kwenda Missouri na Kentucky, wakawa wakazi wa kaunti za huko.

Mahakama na masjala ya hati bado zipo, na mwenye kesi anayetoka Thebes bado hulazimika kushuka Cairo. Supamaketi ya mwisho ilikuwa imefungwa kwa miaka kadhaa, watu wakawa wanavuka mto kununua mkate, hadi Juni 2023 lilipofunguliwa duka la chakula la ushirika, Rise Community Market. Limekuwa na wakati mgumu kibiashara tangu mwanzo, kwani kumpata msambazaji wa kuleta bidhaa chache kwenye mji mdogo si rahisi. Halina mchoro wa kuba wala minara. Lakini wenye hisa wake, tofauti na wale wa Comegys na Holbrook, wanaishi Cairo.